Chai ya Majani ya Mlimau: Kwa Nini Sufuria Ifunikwe

Katika wilaya ya Muheza, mkoani Tanga, ambako michungwa na milimau huota hadi nyuma ya jiko, bibi mmoja aliteleka sufuria ya maji jioni. Maji yalipotokota aliiepua, akatia majani ya mlimau aliyoyachana kwa vidole, kisha akafunika. Mjukuu wake, mwanafunzi wa kidato cha tatu, aliinua kifuniko ili anuse.

“Bibi, mbona umeepua mapema hivi? Yaache yatokote, dawa itoke vizuri.”

“Yakitokota itatoka kweli, mjukuu wangu,” bibi alijibu. “Itatoka nje. Hebu rudisha kifuniko hicho, chai inaondoka.”

Mjukuu alirudisha kifuniko kwa heshima tu, bila kusadiki. Shuleni alikwisha fundishwa kwamba joto huongeza kasi ya vitu kuyeyuka katika maji. Kwa fikira zake, basi, kuchemsha zaidi kungetoa zaidi. Hoja hiyo haikuwa ya kijinga. Hata hivyo, katika jambo hili bibi ndiye aliyekuwa na fizikia iliyo kamili, ingawa hakuiita kwa jina hilo.

Makala haya yanaeleza ni kitu gani kiondokacho kifuniko kinapoinuliwa, namna ya kukizuia kikombeni, na mambo ambayo chai hiyo yaweza kumfanyia mnywaji na yale isiyoweza. Jambo la mwisho si dogo, maana katika nyumba nyingi kikombe hicho hicho hutolewa kama kiburudisho na pia kama dawa.

Mlimau na jamaa zake

Mlimau, mdimu, mchungwa, mchenza, mdanzi na mbalungi ni miti ya jenasi moja, ambayo wataalamu wa mimea huiita Citrus. Asili yake ni bara la Asia. Uchunguzi wa chembe za urithi uliotangazwa mwaka 2018 ulionyesha kwamba chimbuko lake ni upande wa kusini-mashariki wa vilima vya Himalaya. Miti hii huchanganya mbegu kwa wepesi. Mchungwa na mdanzi ni machotara wa mbalungi na mchenza, na mlimau wenyewe ulizaliwa kwa mdanzi na jamaa mwingine wa zamani mwenye tunda la ganda nene. Si ajabu, basi, kwamba majani ya miti hii hufanana, na harufu zake hukaribiana bila kuwa moja.

Mwanafunzi anaweza kuyatambua majani hayo kwa alama mbili. Kwanza, mahali kikonyo kinapokutana na jani pana pana kiungo kinachoonekana wazi, na jani likivutwa hukatika hapo. Pili, kikonyo chenyewe mara nyingi kina bawa jembamba kila upande. Bawa la mbalungi ni pana sana, la mdanzi ni pana kiasi, na la mlimau ni dogo au halionekani kabisa.

Majani yote ya jamii hii hunukia, lakini yafaayo zaidi kwa chai ni ya mlimau, mdimu, mchungwa na mchenza. Ya mdanzi hunukia vizuri sana, ila uchungu wake huja upesi yakikaa mno katika maji ya moto.

Ndani ya jani

Mtu akiliinua jani la mlimau mbele ya jua na kulitazama kwa makini, ataona vitone vidogo vinavyopenyeza mwanga kama kwamba jani limetobolewa kwa sindano. Hivyo si matundu. Ni vifuko vilivyojaa mafuta. Jani likiwa zima halinukii sana, kwa kuwa mafuta yamefungiwa humo. Likichanwa au kufikichwa, kuta za vifuko hupasuka na harufu huja mara moja. Ndiyo sababu majani ya chai huchanwa kabla ya kutiwa majini.

Mafuta hayo si kama mafuta ya nazi au ya alizeti. Tone la mafuta ya nazi likiangukia karatasi huacha doa lisilotoka. Tone la mafuta ya mlimau huacha doa linalofifia na kutoweka, kwa sababu mafuta yenyewe hugeuka mvuke na kuchukuliwa na hewa. Hapa yataitwa mafuta ya harufu, ili yasichanganywe na mafuta ya kula.

Mafuta ya harufu ni mchanganyiko wa viini vingi. Katika jani la mlimau, viwili vinavyojulikana zaidi ni limonini, yenye fomula C10H16, na sitrali, yenye fomula C10H16O. Katika jani la mdanzi na la mchungwa imo pia linaloli, C10H18O, yenye harufu ya maua. Sitrali ndiyo inayotawala pia katika mchaichai. Hiyo ndiyo sababu mchaichai na mlimau hunukia kama ndugu, ilhali kwa ukoo mchaichai ni nyasi, jamaa ya mahindi na mpunga.

Msomaji na azitazame fomula hizo tatu vizuri. Limonini haina oksijeni. Sitrali na linaloli zinayo atomu moja moja. Tofauti hiyo ndogo itaeleza baadaye ni kipi kinachobaki kikombeni.

Kwa nini mafuta hutoroka

Limonini ikiwa peke yake huchemka kwenye nyuzi 176 za Sentigredi hivi. Sitrali huhitaji nyuzi zaidi ya 220. Maji ya sufuria hayawezi kupita nyuzi 100. Hapo ndipo swali la mjukuu linapopata nguvu: ikiwa maji hayafikii hata karibu ya kiwango cha mchemko cha mafuta, mafuta yatatorokaje?

Jibu limo katika maana ya kuchemka. Kila kimiminika hutoa mvuke, na mvuke huo una kanieneo yake, ambayo huongezeka kadiri joto linavyozidi. Kimiminika huchemka pale kanieneo ya mvuke wake inapolingana na kanieneo ya hewa iliyo juu yake. Sasa, maji na mafuta hayachanganyiki. Yakiwekwa pamoja na kupashwa moto, kila kimoja hutoa mvuke wake kana kwamba mwenzake hayupo. Kanieneo ya mvuke wa maji na kanieneo ya mvuke wa mafuta hujumlishwa, na jumla hiyo hufikia kanieneo ya hewa mapema kuliko ambavyo kimojawapo kingefikia peke yake. Kwa hiyo maji na limonini vikiwa pamoja huchemka chini kidogo ya nyuzi 100, kwenye nyuzi 97 au 98 hivi, na mvuke unaotoka huwa na vyote viwili.

Katika sufuria ya chai mafuta ni machache, kwa hiyo kipimajoto hakitaonyesha tofauti kubwa. Lakini kanuni ni ile ile. Kila pumzi ya mvuke inayoondoka hubeba sehemu ya mafuta, na kwa kuwa mafuta yenyewe ni kidogo, hayachukui muda mrefu kwisha.

Njia hiyo huitwa ukenekaji kwa mvuke, na ni msingi wa kazi kubwa. Kisiwani Pemba, Kiwanda cha Makonyo hutumia mvuke kukamua mafuta kutoka katika makonyo ya karafuu. Majani na vitawi vya mdanzi hukenekwa hivyo hivyo katika nchi nyingine, hasa Paraguay, ili kupata mafuta ya kutengenezea manukato. Tofauti ni kwamba kiwandani mvuke hupitishwa katika bomba lililopozwa, ukageuka tena kuwa kimiminika na mafuta yakakusanywa. Katika jiko lenye sufuria wazi, mvuke huenda darini.

Kutokana na hayo inapatikana kanuni moja iliyo rahisi kukumbuka: harufu inayojaa jikoni ndiyo inayokosekana kikombeni. Nyumba ikinukia mlimau hadi uani, wapikaji hufurahi wakidhani chai imekolea, kumbe imekwisha.

Kifuniko hufanya kazi ya lile bomba la kiwandani. Mvuke ukiligusa bati lake, ambalo upande wa juu limepozwa na hewa, hugeuka kuwa matone, na matone hudondoka tena sufuriani. Atakayekiinua kifuniko baada ya dakika kumi na kuyanusa matone yaliyoshikamana upande wa chini atatambua kwamba yananukia mlimau.

Kinachobaki kikombeni

Si kila kiini cha mafuta ya harufu huyeyuka katika maji kwa kiasi kimoja. Maji huvutana na molekuli zenye oksijeni kuliko zisizo nayo. Katika lita moja ya maji huweza kuyeyuka linaloli kiasi cha gramu moja na nusu hivi. Limonini haifiki hata sehemu moja ya hamsini ya gramu. Sitrali nayo huyeyuka mara nyingi zaidi kuliko limonini.

Matokeo yake ni kwamba chai ya majani si nakala ya harufu ya jani lililofikichwa. Ukali wa limonini hupungua, na ladha laini ya sitrali na linaloli hutangulia. Mnywaji mzoefu husema kwamba chai ya mlimau ni “pole” kuliko limau lenyewe. Kemia inakubaliana naye.

Yapo pia mambo mawili yanayotokea majani yakitokota mno. La kwanza ni rangi. Joto la muda mrefu huiondolea klorofili atomu yake ya magnesi, na rangi ya majani hugeuka kutoka kijani kibichi na kuwa kama ya zeituni iliyochakaa. La pili ni uchungu. Viini vichungu vya jani si vyepesi kugeuka mvuke. Haviondoki na harufu, bali huendelea kuyeyuka majini kadiri muda unavyopita. Kwa hiyo achemshaye sana katika sufuria wazi hupata hasara mara mbili: hufukuza kilicho kitamu na kukusanya kilicho kichungu.

Namna ya kuandaa

Kwa lita moja ya maji yatosha majani 8 hadi 10 ya mlimau yaliyokomaa lakini yasiyozeeka. Jani changa bado halijajaza vifuko vyake; jani kuukuu huwa gumu na lenye vumbi. Majani na yaoshwe kwa maji safi yanayotiririka, pande zote mbili, kisha yachanwe vipande vitatu au vinne wakati maji yanapokaribia kuchemka, si mapema zaidi.

Maji yatokotapo, sufuria iepuliwe, majani yatiwe, na kifuniko kirudishwe mara moja. Yakae dakika 7 hadi 10. Baada ya hapo yachujwe kwa chujio na kunywewa, au kumiminwa katika chupa ya chai yenye kifuniko kinachobana.

Wakazi wa nyanda za juu wana jambo moja la kuzingatia. Kanieneo ya hewa hupungua kadiri mtu anavyopanda mlima, na kiwango cha mchemko wa maji hushuka kwa nyuzi moja hivi kila mita 300. Tanga mjini maji huchemka kwenye nyuzi 100. Mbeya, iliyo mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, huchemka kwenye nyuzi 94 hivi. Huko majani na yaachwe dakika mbili au tatu zaidi.

Wapendao tangawizi wajue kwamba utaratibu wake ni kinyume. Viini vinavyoipa tangawizi ukali wake havitoroki upesi kwa mvuke, na kipande chake ni kigumu. Kwa hiyo tangawizi iliyopondwa hutangulia na kutokota dakika kumi. Majani ya mlimau huja mwisho, baada ya kuepua. Anayetia vyote kwa pamoja huipata tangawizi na kuupoteza mlimau.

Sukari hupimwa kwa busara. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba sukari ya kuongezwa isipite sehemu moja ya kumi ya nishati ya chakula cha siku, na ikiwezekana ishuke hadi nusu ya kiasi hicho, yaani gramu 25 hivi kwa mtu mzima. Vijiko sita vya chai vilivyosawazishwa hufikia kiasi hicho, na mtu anywaye vikombe vitatu vya vijiko viwili viwili amekwisha kuvimaliza kabla ya kula chochote kingine. Chai iliyohifadhi harufu yake hunyweka kwa kijiko kimoja, au bila sukari kabisa. Asali yafaa pia, ila mtoto aliye chini ya mwaka mmoja asipewe asali kamwe, kwa sababu yaweza kuwa na vijidudu vinavyozalisha sumu katika utumbo wake mchanga.

Majani ya akiba hukaushwa kivulini, mahali penye hewa ipitayo, yakiwa mazima. Jua kali huharakisha kutoroka kwa mafuta. Yakishakauka hadi kuvunjika kwa vidole, yatiwe katika chupa au kopo lenye kifuniko na kuwekwa mbali na mwanga. Hewa na mwanga hugeuza limonini polepole, na majani ya zamani hupata harufu inayofanana na ya rangi ya mbao. Yakifikia hapo, yatupwe.

Majaribio mawili kwa darasa

Mwalimu asiye na maabara ya kutosha anaweza kuifanya chai hii kuwa somo.

Jaribio la kwanza huhitaji sufuria tatu zinazolingana. Kila moja itiwe nusu lita ya maji na majani matano ya mlimau kutoka tawi moja. Ya kwanza itokote bila kifuniko kwa dakika kumi. Ya pili itokote kwa moto mdogo ikiwa imefunikwa kwa dakika kumi. Ya tatu iepuliwe maji yanapochemka, itiwe majani, ifunikwe na kuachwa dakika kumi. Kisha chai ichujwe katika vikombe vilivyoandikwa A, B na C, na mtu ambaye hatanusa ndiye peke yake ajue kila herufi inamaanisha nini. Wanafunzi wanuse na kuonja, kisha wapange vikombe kwa nguvu ya harufu na kwa ukali wa uchungu. Majibu yaandikwe ubaoni kabla ya siri kufunuliwa. Mwalimu awaulize ni nini kilichobadilishwa, ni nini kilichoachwa vile vile, na kwa nini waonjaji walifichwa. Maji yaliyopotea kwa mvuke katika sufuria ya kwanza yapimwe na kurudishiwa kabla ya kuonja, la sivyo jaribio halitakuwa la haki.

Jaribio la pili ni ukenekaji wenyewe. Katika sufuria kubwa yenye maji machache na majani mengi, liwekwe jiwe safi katikati, na juu ya jiwe bakuli dogo lisiloguswa na maji. Kifuniko kigeuzwe, mshikio uelekee chini, na upande wa juu kitiwe maji baridi. Moto uwe mdogo kwa dakika ishirini. Mvuke utageuka matone chini ya kifuniko, matone yatateremka hadi katikati na kudondoka bakulini. Maji yatakayopatikana ni meupe kama ya kisima, lakini yananukia mlimau. Marashi ya waridi yanyunyizwayo kwa mrashi katika harusi za pwani hupatikana kwa kanuni hiyo hiyo. Mvuke huunguza vibaya kuliko maji, kwa hiyo mwalimu mwenyewe ndiye afunue sufuria, baada ya kupoa.

Jani si limau

Wengi huamini kwamba chai ya majani ya mlimau humpa mnywaji vitamini C kama limau lenyewe. Imani hiyo imetokana na sifa ya kweli ya tunda. Mwaka 1747 daktari wa meli James Lind aliwagawa mabaharia 12 wenye kiseyeye katika jozi sita na kuipa kila jozi tiba yake. Wawili waliopewa machungwa mawili na limau moja kila siku walipata nafuu upesi kuliko wote, ingawa matunda yalikwisha baada ya siku sita. Kiini chenyewe kilitengwa na Albert Szent-Györgyi mwaka 1928, na baadaye kikaitwa asidi askobiki.

Lakini Lind aliwapa matunda, si majani yaliyolowekwa. Vitamini C huharibiwa na joto na hewa. Majani kumi katika lita ya maji ya moto, hasa yakiwa makavu, hayawezi kutegemewa kuitoa. Maji ya limau, kwa upande mwingine, huwa na karibu miligramu 40 za vitamini hiyo katika kila gramu 100. Anayeitaka na akamulie limau kikombeni, chai ikiwa imepoa kiasi cha kunyweka. Asikamulie katika sufuria ya alumini iliyo motoni, kwa kuwa asidi hula bati lake.

Chai si dawa ya homa

Hapa ndipo penye jambo zito. Kikombe cha chai ya mlimau humpa mgonjwa maji, joto na harufu inayotuliza. Hakina kafeini ya majani ya chai inayoweza kumnyima usingizi. Koo linalowasha hupata nafuu. Hayo ni mema, na hakuna sababu ya kuyadharau.

Lakini vimelea vya malaria hukaa katika ini na katika chembe nyekundu za damu. Harufu iliyo kikombeni haiwafikii wala haiwaui. Shirika la Afya Duniani huonya kwamba malaria iletwayo na Plasmodium falciparum, ambayo ndiyo ya kawaida katika Afrika Mashariki, yaweza kugeuka kuwa kali asipotibiwa mgonjwa ndani ya saa 24. Kipimo cha haraka cha malaria hutoa jibu baada ya dakika 15 hadi 20, muda wa kunywa vikombe viwili. Mtoto mwenye homa anapopewa chai leo, na kesho, na kesho kutwa, ili “tuone kwanza”, si chai inayomdhuru. Kinachomdhuru ni siku zilizopotea.

Kadhalika kujifukiza, ambako kulienea sana mwaka 2020 wakati wa ugonjwa wa Korona. Mvuke wa majani huifungua pua kwa muda, lakini hauui virusi vilivyo ndani ya seli za mwili. Sufuria ya maji ya moto chini ya blanketi imekuwa hatari ya kuunguza, na mtoto asiwekwe humo kamwe.

Yako maonyo mengine mawili. Maji ya balungi hubadilisha nguvu ya baadhi ya dawa mwilini, zikiwamo baadhi ya dawa za shinikizo la damu. Kwa hiyo mtu anywaye dawa kila siku na amweleze daktari wake ikiwa ana mazoea ya vinywaji vya jamii hii. Tena, majimaji ya ndimu yakibaki mikononi na kupigwa na jua huweza kuchoma ngozi na kuacha mabaka meusi. Aliyekamua au kufikicha kwa wingi na anawe kwa sabuni kabla ya kutoka nje.

Majani yapi yachumwe

Mti uliopigiwa dawa ya wadudu usichumwe majani hadi muda ulioandikwa kwenye chupa ya dawa upite, na ikiwa muda huo haujulikani, uachwe. Baadhi ya dawa hupenya ndani ya jani, na kuosha hakuziondoi. Majani yenye masizi meusi, yenye vijia vya viwavi au yenye vinundu yaachwe pia, na vivyo hivyo ya kando ya barabara yenye vumbi na moshi.

Kila jani hulisha tunda. Mti mdogo ukinyang'anywa majani mengi hutoa matunda haba. Mwenye michungwa ya kubebesha ana njia iliyo bora: aghalabu shina la chini huwa la mlimau, na maotea yake yachipukayo chini ya maungio hunukia limau. Mkulima analazimika kuyaondoa maotea hayo kwa kuwa hunyonya nguvu ya mti. Badala ya kuyatupa, na ayapeleke jikoni.

Mwisho, vitawi vibichi visisafirishwe kutoka mkoa hadi mkoa kama zawadi. Uko ugonjwa wa michungwa ambao hugeuza majani kuwa ya manjano na matunda kuwa madogo, yaliyopinda na machungu. Huenezwa na wadudu wadogo wanaofyonza machipukizi, na mti ukishaambukizwa hauna tiba. Mdudu wa Kiafrika anayeueneza hupenda nyanda za baridi. Mdudu wa Kiasia huvumilia joto la pwani, na mwaka 2016 wataalamu walitangaza kwamba ameonekana Tanzania. Kwa wilaya kama Muheza, ambako ada za shule hutoka katika gunia la machungwa, kitawi kimoja chenye mayai ya mdudu ni hasara kubwa kuliko zawadi. Anayetaka kumpelekea ndugu majani ya chai na ampelekee yaliyokaushwa.

Mjukuu wa Muheza aliiandaa mwenyewe chai ya jioni iliyofuata, kwa sufuria mbili, moja wazi na moja imefunikwa, akamwekea bibi vikombe viwili bila kumwambia ni kipi kimetoka wapi. Bibi alionja cha kwanza, akakisogeza kando. Alionja cha pili, akakinywa chote.

“Sasa umejua kwa nini?” aliuliza.

“Nimejua, bibi. Mvuke huibeba.”

“Basi kesho mdogo wako akiamka bado ana joto, usinitelekee chai,” bibi alisema. “Mchukue uende naye zahanati. Chai tutainywa mkirudi.”